Miguu ya Viti

Maelekezo ya mwandishi, ukurasa wa tisa, yanasema hivi tu:
"Viti vinarefuka. Hakuna anayeshangaa."
Skirmantė alinisomea kwa simu usiku wa manane,
akacheka, akakata.
Akaniachia mimi viti.

Ukumbi wetu ulikuwa kiwanda cha vifungo,
nyuma ya stesheni ya Kaunas.
Hadi leo ukifagia nyufa za sakafu
unaokota vifungo vya makoti ya marehemu.
Nje, mto Nemunas umeganda, bata wanatembea juu yake
kama waigizaji waliosahau waingilie wapi.

Nikachora. Nikafuta. Nikachora.
Vaidotas seremala akaushika mchoro kichwa chini:
"Mti gani huu?"
Nikamwambia ni kiti, kinakua.
"Basi akimwagilie aliyekipanda,"
akaenda zake kunywa chai.

Wiki tatu tuligombana na kamba.
Tulificha mguu ndani ya mguu, bomba ndani ya bomba,
roda darini, grisi, gundi, matusi.
Kiti cha baba kilipanda kwa kwikwi.
Cha binti kilikataa katakata.
Cha mama kilipaa vizuri mno, kimya,
hata tukaona haya kukitazama.

Mama ni Bi Rapolienė, miaka sabini na mmoja.
Akiwa mita nne juu, bakuli la supu mapajani,
aliita:
"Skirmantė, mwanangu, kwa nini ninapaa?"

Mwongozaji alitafuna kalamu.
Angeweza kusema ni vita. Ni uzee.
Ni watoto waliohamia Dublin wakabaki sauti kwenye simu.
Alisema, "Sijui. Ila supu isimwagike."

Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena.
Bibi akainywa supu yake huko juu
kwa uangalifu wa mtu anayelisha mgonjwa,
na kila jioni kijiko kilichelewa zaidi
kurudi bakulini.

Kisha akaja mkaguzi wa zimamoto.
Nilikuwa na mlango mmoja, nilioupenda kuliko kazi yangu yote:
unafunguka, unakuta ukuta wa matofali.
Aliufungua. Akagusa matofali. Akaufunga.
Akaufungua tena, polepole,
kama anayetaka kuushtukiza ukuta.
"Hautoki popote," akasema.
"Ndiyo."
Akaandika sana.

Akatupigia taa ya kijani juu ya mlango wa kweli,
taa isiyozimwa, hata giza liwe la lazima.
Nami giza ndilo nililokuwa nimelijenga!
Lichunguze neno kuigiza:
giza limo humo, limekaa mwishoni, linasubiri zamu yake.
Skirmantė akasema tuiache taa.
Mwenye macho haambiwi tazama,
wala haambiwi asitazame.

Usiku wa kwanza: watu arobaini na watatu, theluji mabegani.
Ukurasa wa tisa.
Baba akapanda, kwikwi, kwikwi.
Mama akapanda, uso wake wa kijani kwa ile taa ya serikali.
Binti akabaki chini.
Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Kiti kimegoma.

Yule msichana, Ugnė, mwezi wa pili tu tangu atoke chuoni,
akainua macho.
Akafungua mdomo. Hakuwa na neno; halikuandikwa.
Bi Rapolienė akamtazama kitambo.
Akaivua mikanda ya aproni yake,
akaifunga kwenye mpini wa sufuria,
maana siku hiyo, sijui kwa nini, alikuwa amekataa bakuli,
akaiongeza shali, akaongeza soksi moja ndefu,
akaishusha supu
chini,
chini,
mita nne za kimya,
hadi midomoni mwa bintiye.

Haikumwagika.

Maelekezo yanasema hakuna anayeshangaa.
Mimi nyuma ya pazia, kamba mikononi,
niliyavunja maelekezo.

Asubuhi Vaidotas alikikagua kiti cha binti.
Hakuona kasoro.
Alikivuta mara moja tu, kikapanda.